Mto wa Mama Mkwe: Tulivyokwenda Goma Kujifunza Kulea Kaktusi



Mnakumbuka kwamba mwezi wa kumi mwaka jana tulitoa dola 60 katika sanduku la chama ili kununua kaktusi kumi. Ni zile za mviringo kama pipa dogo, zenye migongo na mabonde toka juu mpaka chini, na miiba ya manjano. Tulitaka kuzikuza katika vyungu hapa Bukavu, kisha kuziuza kwa mahoteli na maofisi. Mnakumbuka pia kwamba kufika mwezi wa pili, saba kati ya hizo kumi zilikuwa zimeoza.

Katika mkutano yalisemwa mengi. Kuna waliosema muuzaji alitudanganya. Kuna waliosema mtu ana jicho baya. Na mama mmoja akasema kwamba walimu wanajua kueleza kuliko kufanya. Neno hilo lilituuma, maana wazo la kaktusi lilitoka kwetu, sisi watatu tunaofundisha, na dola 60 si fedha ya kuchezea katika chama ambacho mwanachama anakopa dola 10 kumtibu mtoto.

Basi likizo ya Pasaka ilipofika, tulikwenda Goma kwa fedha zetu wenyewe. Tulikuwa tumesikia habari za mama mmoja, mwalimu aliyestaafu, mjane, ambaye ana kaktusi za namna hiyo zaidi ya kumi na mbili nyuma ya nyumba yake, na hata moja haijaoza. Tuliahidi kuwaletea ripoti. Hii hapa.

Boti iliondoka asubuhi, mvua nyepesi ikinyesha juu ya ziwa. Mwezi wa nne kwetu ni mvua tu. Tulipita Idjwi na vilima vyake vya kijani, tukala mikate na ndizi, na tukabishana. Mmoja wetu alishikilia kwamba kosa letu lilikuwa mbolea. Mwingine alisema ni baridi ya Bukavu. Wa tatu hakusema kitu, kwa sababu yeye ndiye aliyetengeneza orodha ya zamu ya kumwagilia maji na kuibandika ukutani, na alikuwa anajivunia: kila asubuhi mama mmoja, pamoja na Jumapili, bila kukosa hata siku moja.

Anayefika Goma kutoka Bukavu huona tofauti chini ya miguu yake. Kwetu udongo ni mwekundu, unashika kiatu, na mvua ikinyesha unakuwa kama unga uliokandwa. Kule ardhi ni nyeusi na ngumu. Ni mawe ya volkano. Kuta za parseli zimejengwa kwa mawe hayo, barabara zinapita juu yake, na kandokando wako akina mama wanaokaa chini na nyundo, wakiyaponda kuwa changarawe ya kuuza kwa wajenzi. Mvua kubwa ilinyesha tulipokuwa tunatoka bandarini, lakini baada ya nusu saa, mahali pasipo na lami, maji yalikuwa yamepotea ndani ya mawe. Tulilitazama jambo hilo bila kufikiri kwamba jibu la swali letu lilikuwa hapo.

Maji yanayopotea hivyo yana hasara yake pia. Goma iko ukingoni mwa ziwa, lakini nyumba nyingi hazina robine yenye maji kila siku. Tuliwaona watoto na bidoni za manjano za lita 20, na vijana wanaosukuma chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao, ikiwa imepakiwa bidoni mpaka juu. Mwenye nyumba anajua bei ya kila bidoni.

Mwenyeji wetu anakaa kartiye Mapendo. Alitupokea mlangoni, kitenge kiunoni na miwani juu ya kichwa.

"Jambo sana, Mama," tulimwambia.

"Jambo, wanangu. Karibuni. Muingie kwanza mkauke. Mimea haikimbii."

Alitupa chai, kisha bukari na sambaza na lengalenga, na hakukubali kusema neno juu ya kaktusi mpaka tumalize. Halafu alitupeleka nyuma ya jiko. Juu ya ngazi tatu za mawe meusi, chini ya bati moja lililoinuliwa kwa miti, vilikuwa vimepangwa vyungu vya udongo. Kaktusi kubwa kuliko zote ilikuwa na ukubwa wa kichwa cha mtoto, imekaa duara bila kasoro, na juu katikati ina sufi ya manjano, laini kama nywele za kitoto kichanga. Ndogo kuliko zote zilikuwa kama njegere, zimejaa katika kopo moja lililotobolewa chini.

Alituuliza tulifanya nini. Tukamweleza yote: udongo mwekundu wa bustani uliochanganywa na samadi, mikebe ya maziwa, mingine haina tundu, na orodha ya zamu. Alipoisikia orodha, alivua miwani na kucheka mpaka machozi.

"Kwa hiyo mliziua kwa zamu," alisema. "Kila mmoja alileta maji yake, na aliyetaka kuonekana ana bidii alileta mara mbili."

Hatukuwa na la kujibu, kwa maana ni kweli. Tunajua hata ni nani aliyeleta mara mbili.

Kisha akatufundisha, na tunawaandikia kama alivyosema, maana wengi wenu mna kaktusi nyumbani.

Kaktusi ya pipa ni chombo cha maji chenyewe. Ile migongo na mabonde inakunjuka na kukunjika kama akordeoni: ikinywa maji inavimba, ikikosa maji inajikunja, bila ngozi kupasuka. Haina majani ya kupoteza maji. Vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku, wakati wa baridi, na kufungwa mchana wa jua. Mizizi yake haiendi mbali chini. Inatandaa karibu na uso wa ardhi ili kuidaka mvua inapopita. Mizizi hiyo inataka kunywa haraka na kukauka haraka. Ikikaa siku nyingi katika udongo mzito uliolowa, inakosa hewa, inaoza, na uozo unapanda. Ukiona rangi ya kahawia chini, na kidole kikizama, umechelewa.

"Si mvua inayoiua," alisema mama. "Kwao pia mvua inanyesha. Kinachoiua ni kukaa na miguu ndani ya maji."

Mchanganyiko wake ni huu: sehemu moja ya udongo wa kawaida uliochekechwa, na sehemu mbili za changarawe ya volkano, chembe zake kama punje za mahindi na ndogo zaidi. Samadi mbichi, hapana. Chungu kiwe cha udongo wa kuchoma, na tundu chini. Kisiwe kikubwa mno. Kuzidi mmea kwa vidole viwili kila upande kunatosha. Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti kikavu mpaka chini. Kikitoka na unyevu au udongo ulioshika, ondoka na maji yako. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usahau. Wakati wa kiangazi yeye humwagilia kila wiki moja na nusu au mbili. Wakati wa mvua, chini ya bati, mara nyingine mwezi unapita.

Jua inalipenda, lakini mmea uliokaa ndani ya nyumba usiutoe nje kwa ghafula mchana, utaungua na kovu halitatoka. Utoe kidogo kidogo. Mmea uliokosa mwanga unajulikana: unarefuka, unachongoka juu, na rangi inafifia. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba kati ya miiba, vifute kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa katika alkoli. Wakati wa kuhamisha chungu, zungusha gazeti lililokunjwa mara kadhaa kiunoni mwa mmea na ushike ncha za gazeti. Udongo mpya uwe mkavu, na usimwagilie mpaka wiki ipite, ili mizizi iliyoumia ipone. Na vyungu viwekwe mahali watoto wadogo hawafiki, kwa ajili ya macho yao.

Mmoja wetu aliuliza kama hizi ni ndugu za mimea yetu ya ua yenye maziwa, kama muyenzi. Mama alisema hapana, na akatuonyesha. Kwenye kaktusi kila fungu la miiba linatoka katika kito kidogo chenye manyoya. Muyenzi na jamaa zake hawana kito hicho, na ukivunja tawi linatoka maziwa meupe ambayo yakiingia machoni ni hatari. Kaktusi karibu zote asili yake ni Amerika. Iko aina moja tu inayoota yenyewe katika misitu ya Afrika, hata ya Kongo: ile yenye nyuzi za kijani zisizo na miiba, inayoning'inia juu ya miti. Wengi wetu tumeiona bila kujua kwamba ni kaktusi.

Hii ya miiba ya manjano kwao ni Mexico, kwenye makorongo ya mawe ya jimbo la Querétaro na jirani zake. Jina lake la kisayansi limechukuliwa kutoka kwa Hermann Gruson, Mjerumani mwenye kiwanda wa mji wa Magdeburg, aliyekuwa mkusanyaji mkubwa wa kaktusi. Alipewa heshima hiyo mwaka 1886. Leo mmea huu umejaa katika vyungu duniani kote, lakini kwao umebaki kidogo. Wengi waling'olewa kwa ajili ya kuuzwa, na miaka ya 1990 bwawa la Zimapán lilipojengwa, maji yalifunika sehemu ya makao yake. Aina nyingine ya pipa ya huko huko, inayoitwa biznaga, ilikatwa sana kwa ajili ya peremende iitwayo acitrón, ambayo akina mama wa Mexico walikuwa wakiitia katika mikate ya sikukuu. Pipa kubwa linachukua miaka mingi sana kukua, na kulikata ni kazi ya dakika chache. Sasa biashara ya peremende hiyo imekatazwa.

Kwa sababu hiyo mama yule hanunui mmea mkubwa ambao hajui umetoka wapi. Anapanda mbegu, au ananunua vidogo vilivyooteshwa. "Mwizi wa kaktusi anaiba miaka," alituambia. Kwa kweli hizi za kwake hazijatoa ua hata moja. Aina hii haitoi maua mpaka iwe kubwa, na katika chungu inaweza kukawia zaidi ya miaka kumi na mitano. Tulimuuliza kama haoni uchungu kungoja hivyo.

Hapo ndipo alipotusimulia habari ya kaktusi ya kwanza, ile kubwa, na tumeomba ruhusa yake kuiandika.

Aliletewa mwaka 2016 na mke wa mtoto wake, aliyekuwa ametoka Nairobi. Ilikuwa kama ngumi. Wawili hao hawakuwa wamezoeana. Bibi arusi alikuwa msichana wa maneno machache, na mama alikuwa ametamani mtoto wake aoe kwingine. Jirani mmoja aliyewahi kukaa Ubelgiji aliuona mmea mezani, akacheka: "Hamjui jina lake? Wazungu wanauita mto wa mama mkwe. Ndio mto ambao mkwe anamwekea mama wa bwana wake aukalie."

Mama hakucheka. Aliuchukua mmea jioni ile ile, akauweka nyuma ya jiko juu ya mawe, na akaamua kwamba hatautia hata tone. "Nilitaka ufe wenyewe, nisije nikasema uongo kwamba umekufa." Alimaliza mwaka mzima bila kuutazama. Mvua iliunywesha na mawe yakaukausha. Siku moja alipokwenda kutafuta kuku aliyepotea, aliuona umevimba, una miiba mipya, mzuri kuliko siku ulipoletwa. Alikasirika zaidi. Lakini hakuutupa.

Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, usiku, Nyiragongo ililipuka, na moto ukafika Buhene, mlangoni mwa mji. Alhamisi tarehe 27, alfajiri, serikali ilitangaza kwamba kartiye kumi zihame mara moja, kwa hofu kwamba moto ungeweza kutokea chini ya mji wenyewe. Wengi wenu mliwapokea watu siku hizo hapa Bukavu, na mnajua walifika namna gani. Wengine walipita Sake kwa miguu, wengine walivuka Rwanda, wengine walijazana katika maboti. Mama alibeba karatasi za pensheni, sufuria moja, vitenge viwili na picha ya marehemu bwana wake. Maua yake ya vyungu, yale aliyoyapenda na kuyamwagilia kila jioni, aliyaacha barazani. Hakuwa na njia nyingine.

Alifika kwa mtoto wake hapa Bukavu. Mkwe yule ndiye aliyempokea bandarini, akambeba mzigo, akampa kitanda chake na kulala chini na watoto. Usiku wa tatu, wakichambua sombe pamoja, mkwe aliuliza polepole: "Mama, ule mmea wangu, je, bado upo?"

Mama alimwambia yote: mto, jirani, mwaka mzima nyuma ya jiko. Mkwe aliacha kuchambua. Hakuwa amelijua jina hilo kamwe. Alieleza kwamba siku ile Nairobi alitaka kumletea ua, lakini alikumbuka jinsi alivyomwona akibeba bidoni kutoka ziwani kwa mgongo, akamwomba muuzaji mmea ambao hautamdai mama maji. "Aliniambia huu unakaa juu ya mawe. Nikasema, basi ni wa Goma."

Mama alinyamaza kidogo alipofika hapo, akarekebisha chungu ambacho hakikuwa na haja ya kurekebishwa.

Alirudi Goma mwisho wa mwezi wa sita. Barazani hakuna kilichokuwa hai. Maua yote yalikuwa makavu kama majani ya kuwashia moto. Nyuma ya jiko kaktusi ilikuwa na majivu ya volkano kati ya miiba, imejikunja kidogo, mabonde yameingia ndani. Aliipangusa kwa burashi ya viatu ya marehemu, akaimwagilia mara moja. Baada ya siku chache ilikuwa imejaa tena. Mkwe alimnunulia mbegu, na zile njegere katika kopo ni za mbegu hizo.

Kabla ya kuondoka tulimwomba atuuzie tano, ili turudi kwenu na kitu mkononi. Alikataa.

"Bado mnazo tatu. Mkiziua hizo kwa zamu, na za kwangu mtaziua. Nitawapa kitu kingine."

Alitupa nusu gunia la changarawe ya volkano. Vijana wa bandari ya Bukavu walipotusaidia kuteremsha mzigo, mmoja alifungua mdomo wa gunia akitarajia samaki au viazi. "Hawa wamama wametoka Goma na mawe!" alipiga kelele, na bandari nzima ikacheka. Nasi tukacheka, lakini tulilipa mzigo kama watu wengine.

Sasa hesabu, maana mweka hazina anangoja. Dola 60 hazijarudi, na hazitarudi mwaka huu. Kaktusi tatu zilizobaki tulizitoa katika mikebe. Mbili mizizi yake ilikuwa mizima, ya tatu ilikuwa na doa jeusi ambalo tulilikata kwa kisu kilichopitishwa motoni, tukaiacha ikauke siku kumi kabla ya kuipanda. Hatujui kama itapona. Zote ziko dirishani mwa darasa la sita, zimeinuliwa mbali na watoto. Sisi watatu tumekubaliana kurudisha dola 42 za zile saba, dola 2 kila mwezi kwa kila mmoja, kuanzia mwezi ujao. Faida ikija baadaye itakuwa ya chama.

Ile orodha ya zamu bado iko ukutani. Hatukuibandua. Tumeandika juu yake kwa kalamu nyekundu: Usimwagilie kabla ya kuuliza kijiti. Kijiti chenyewe kimefungwa kwa uzi kwenye msumari. Wiki iliyopita kilitoka na unyevu mara zote, na mama aliyekuwa na zamu alirudi nyumbani na maji yake, akayatumia kuoshea vyombo.

Mkutano ujao ni Jumamosi, saa tisa. Wenye kaktusi nyumbani waje nazo, tutazame chini ya vyungu pamoja. Changarawe ipo, kila mmoja atapata vikombe viwili. Na mama aliyesema kwamba walimu wanajua kueleza kuliko kufanya, tunamwomba aje mapema atusaidie kuchekecha udongo.